Kuishi karibu na kangaruu kati ya Yass na Canberra: nijiandae kwa lipi?

BintiWaVoi ameuliza:

Ndugu zangu mlioko Australia, nawasalimu nyote. Mimi, mume wangu na watoto wetu tunahamia Yass, mji mdogo wa New South Wales ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Canberra. Tumechagua kukaa huko kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, lakini kazi yangu ya uuguzi itakuwa Canberra, kwa hiyo nitapita barabara kuu ya Barton mara nyingi, alfajiri au baada ya magharibi kulingana na zamu.

Wakala alitutumia picha za nyumba tutakayopanga, na katika mojawapo kuna kangaruu kadhaa wamejilaza nyuma ya nyumba, ilhali katika maelezo yake hakuwataja hata kwa neno moja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa wenyeji hili si jambo la kushangaza, na kwamba ni mimi ninayepaswa kujifunza. Nimekulia Voi, hivyo si mgeni wa wanyama wanaovuka barabara. Tofauti ni kwamba tabia za tembo nilizijua tangu utotoni, na huyu simjui kabisa.

Ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaoishi naye kila siku. Je, barabarani hatari yake ni kubwa kiasi gani, na bima inasemaje? Je, watoto wanaweza kucheza nje akiwapo? Na mume wangu, ambaye ni Mwislamu, ameniuliza kuhusu nyama yake inayouzwa madukani, kama inafaa kuliwa. Natanguliza shukrani.

---

MzeeWaLori amejibu:

Dada BintiWaVoi, karibu sana. Ninaendesha lori dogo la kusambaza bidhaa kati ya Goulburn, Yass na Canberra, na kwa mtu mwenye ratiba kama yako kangaruu ni suala la barabara kwanza. Mengine yote yanafuata nyuma.

Utakayekutana naye huko ni kangaruu wa kijivu wa mashariki, ambaye dume lake likisimama wima hulingana na mtu mzima kwa urefu na linaweza kuzidi kilo 60. Mchana hupumzika kwenye vivuli vya miti. Jua likianza kushuka, makundi hutoka kwenda kula nyasi, na huendelea hivyo usiku hadi kunapopambazuka. Sasa zingatia kwamba saa hizo ndizo saa za watu kwenda kazini na kurudi, hasa kati ya Juni na Agosti, ambapo huku ni majira ya baridi na jua la Canberra huzama karibu saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana makampuni ya bima hupokea madai mengi zaidi ya ajali za wanyama katika miezi hiyo.

Wageni wengi hudhani kwamba mnyama huyu hufika barabarani kwa kupotea njia. Sivyo. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami na kukusanyika pembeni, kwa hiyo nyasi za kando ya barabara huwa mbichi kuliko za shambani, na wakati wa ukame ukanda huo mwembamba huweza kuwa ndio malisho pekee ya kijani yaliyobaki. Amefuata chakula, na kesho atarudi pale pale. Ukiona nchi imekauka na kuwa rangi ya majani makavu, punguza mwendo hata mahali pasipo na kile kibao cha njano chenye picha ya kangaruu.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari husogea karibu mita 28 kila sekunde, na kangaruu naye anaweza kufikia kilomita 60 kwa saa anapokimbia. Tena hatabiriki: anaweza kuduwazwa na taa, akasimama katikati, kisha akageuka ghafla na kurukia upande ule ule aliotoka. Akivuka mmoja, hesabu kwamba wenzake wanafuata. Kanuni tunayoshauriwa madereva ni kukanyaga breki kwa nguvu huku usukani ukiwa umenyooka, wala si kumkwepa. Najua kwamba kwa mtu wa Voi, ambaye amefunzwa kuwa kumgonga tembo ni kifo chake mwenyewe, maneno haya yanasikika vibaya, lakini anayekwepa kangaruu huishia kugonga mti, kupinduka, au kuingia upande wa magari yanayokuja, na hayo ni mabaya kuliko boneti iliyobonyea.

Utayaona magari mengi ya mashambani yamefungwa fremu nene ya chuma mbele. Hiyo husaidia kulinda rejeta ili gari lisikufie njiani, lakini haipunguzi uwezekano wa kugonga. Utauziwa pia vifilimbi vya kubandika kwenye bampa, vinavyodaiwa kutoa sauti ya kumfukuza mnyama. Vimefanyiwa majaribio na havikuonyesha kazi yoyote ya maana, basi weka fedha zako.

Kuhusu bima, hapa ndipo wageni wanapoumia. Bima ya lazima inayokwenda pamoja na usajili wa gari hushughulikia majeraha ya watu tu. Bima ndogo ya mali ya watu wengine italipa gari la mwenzako ulilogonga, wala haitatengeneza lako lililogonga mnyama, na kangaruu hana kampuni ya kumdai. Kwa safari zako unahitaji bima kubwa, na kabla ya kutia sahihi uliza kiasi utakachotakiwa kuchangia mwenyewe kila unapodai.

---

MwanaWaPemba amejibu:

Assalaam alaykum dada, na umsalimie shemeji. Ninaishi Melbourne, na swali lake huulizwa na karibu kila Mwislamu anayeingia supamaketi hapa kwa mara ya kwanza, kwa sababu nyama ya kangaruu hupangwa katika jokofu lile lile la nyama ya ng'ombe na kondoo: ya kusaga, vipande vya kukaanga na soseji.

Mnyama mwenyewe hula majani, hana meno ya kuwindia wala kucha za kurarulia kama mnyama mkali, na kwa sababu hiyo wanazuoni wengi humhesabu miongoni mwa wanaoruhusiwa kuliwa. Tatizo liko kwenye namna anavyouawa. Kangaruu hafugwi kwa ajili ya nyama, kwa kuwa hachungiki, uzio wa kawaida anauruka, na hukua polepole. Nyama yote ya dukani hutokana na wanyama wa porini wanaopigwa risasi usiku na wawindaji wenye leseni, ambao kanuni ya taifa inawataka walenge kichwa ili mnyama afe papo hapo, kisha mzoga hupelekwa kwenye chumba cha baridi. Hakuna kuchinjwa, na hujui aliyepiga ni nani wala kama alitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatuinunui isipokuwa ikiwa na alama ya halali inayotambuliwa. Shemeji amuulize imamu wa huko, kwa maana suala la kuwinda kwa risasi lina maelezo yake katika fiqhi na mimi si mwanachuoni.

Kwa wasiofungwa na sharti hilo, ni nyama nyekundu sana, yenye chuma kingi, na mafuta yake kwa kawaida hayafiki asilimia 2. Majirani zangu Wakenya huitumia kwa mishikaki, na malalamiko yao ni kwamba ikizidishiwa moto kidogo tu inakauka na kuwa ngumu. Huiloweka kwa mafuta, tangawizi na papai bichi, kisha huipitisha motoni haraka na kuitoa ikiwa bado na unyevu ndani.

Usishangae ukikutana na Mwaustralia mzungu ambaye hajaionja maishani. Jimbo la Australia Kusini liliruhusu nyama hii iuzwe kwa ajili ya binadamu mwaka 1980, na majimbo mengine yalifuata mwaka 1993. Kabla ya hapo sehemu kubwa ilikuwa chakula cha mbwa na paka, na wengine hawajaacha kuitazama kwa jicho hilo. Kwa watu wa asili wa nchi hii, kinyume chake, ni chakula cha makumi ya maelfu ya miaka. Katika maduka ya jamii za jangwani, mikia ya kangaruu huuzwa ikiwa imegandishwa. Huchomwa manyoya, hukwanguliwa, kisha hufukiwa katika makaa na majivu hadi iive. Mnyama mzima anapowindwa, kila sehemu ina mtu anayestahili kuipata kwa mujibu wa udugu, kwa hiyo si mtu kujikatia tu paja alipendalo.

---

MamaFuraha_Wagga amejibu:

Mama, mimi ni Mkongomani wa Wagga Wagga, na nitajibu la watoto tu. Wanaweza kucheza nje bila wasiwasi, mradi wajue kwamba yule si mbuzi. Wafundishe kutomfuata, kutomzunguka, na kutosimama kati ya mama na mtoto wake. Jike lenye mtoto kwa kawaida hukimbia, ila dume kubwa lililozoea watu ndilo la kuogopwa, kwa sababu hujiegemeza kwenye mkia na kupiga teke kwa miguu yote miwili ya nyuma, na kucha zake zinaweza kupasua tumbo.

Dume likisimama wima na kukutazama usoni, usilitunishie kifua wala usikimbie. Inama, geuza uso, rudi nyuma polepole, na wenyeji hushauri ukohoe kikohozi kifupi cha chini, kwa kuwa ndivyo kangaruu mdogo anavyomwambia mkubwa kwamba hataki ugomvi. Watoto wangu walicheka sana walipofundishwa hivyo shuleni. Sasa wanakoholeana wao kwa wao.

Msiwape mkate wala karoti. Wakishazoea kulishwa hudai kwa nguvu, na yaliyotokea Morisset, kaskazini mwa Sydney, yanajulikana: watalii walikuwa wakiwalisha kila kitu hadi chipsi, na baadhi yao wakaishia kushonwa nyuzi. Na kama mtafuga mbwa, msimwache awafukuze. Kangaruu aliyebanwa hukimbilia kwenye bwawa, humngoja mbwa majini, kisha humshika kwa mikono na kumzamisha.

---

BintiWaVoi amejibu:

Asanteni mno. Shemeji yenu amesoma na amesema atamtafuta imamu kwanza. Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikimgonga jike usiku na ana mtoto mfukoni, natakiwa kufanya nini? Pia nimesoma kwamba serikali ya Canberra huwaua kangaruu kila mwaka ndani ya mji wenyewe, na nimeshindwa kuelewa inakuwaje wauawe na serikali wakati picha yao iko kwenye nembo ya taifa.

---

MleziWaMajura amejibu:

Dada, ninaishi Canberra na nina leseni ya kulea watoto wa kangaruu walioachwa yatima, kwa hiyo swali la kwanza nalijua vizuri.

Ukigonga, egesha gari mahali salama, washa taa za dharura, na ujiangalie wewe kwanza. Kama mnyama yuko hai usimkaribie. Upande wa New South Wales piga simu kwa kikundi cha uokoaji kiitwacho WIRES, na ndani ya Canberra piga kituo cha huduma cha serikali kiitwacho Access Canberra. Hifadhi namba zao kwenye simu kabla ya safari yako ya kwanza. Kama amekufa na ni jike, na barabara inaruhusu, chungulia mfukoni. Ukiona alama kubwa ya rangi ya kupuliza kwenye mzoga, maana yake mtu ameshaukagua.

Mtoto mwenye manyoya unaweza kumtoa taratibu. Asiye na manyoya ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mdomo wake huwa umefunga juu ya chuchu, na ukimvuta utamvunja taya. Mwache alivyo na umwite mwokoaji, na kama hakuna anayeweza kufika, atakuelekeza kwa simu namna ya kuikata chuchu yenyewe na kumchukua mtoto akiwa bado ameishika. Mtie ndani ya foronya au fulana, mweke kifuani mwako apate joto, zima redio, na usimpe chochote. Maziwa ya ng'ombe hawezi kuyayeyusha tumboni. Humharisha na yanaweza kumletea mtoto wa jicho.

Wewe ni muuguzi, basi utapenda kujua ni kwa nini malezi yao ni magumu. Mimba ya kangaruu wa kijivu hudumu siku 36 hivi tu, na kinachozaliwa hakifiki gramu moja. Kiumbe hicho hupanda chenyewe kwenye manyoya ya mama hadi mfukoni, kikashika chuchu na kukaa humo kwa takriban miezi 11. Maziwa hubadilika kadiri mtoto anavyokua, na jike linaweza kumnyonyesha mkubwa aliyekwisha kutoka mfukoni kwa chuchu moja huku mchanga akinyonya nyingine, kila mmoja akipata maziwa ya aina yake kwa wakati mmoja. Sisi walezi tunalazimika kuyaiga hayo kwa unga maalumu wa daraja tofauti. Ndiyo maana sheria hairuhusu mtu kumweka nyumbani bila leseni, na isitoshe, dume lililolelewa kama mtoto wa nyumbani hukua likimwona binadamu kuwa dume mwenzake wa kupigana naye. Septemba 2022, huko Redmond, Australia Magharibi, mzee wa miaka 77 aliuawa na kangaruu aliyeaminika kuwa alimfuga mwenyewe. Tukio la namna hiyo halikuwa limeripotiwa nchini tangu mwaka 1936.

Kuhusu swali la pili, ni kweli. Kila mwaka kuanzia karibu Mei au Juni hadi mwisho wa Julai, baadhi ya hifadhi za nyasi zilizo ndani ya Canberra hufungwa usiku na wawindaji wa serikali hupunguza idadi. Sababu inayotolewa ni kwamba kangaruu wakizidi huzila nyasi hadi chini, na viumbe wadogo wanaotegemea nyasi ndefu, kama yule mjusi wa nyasi asiye na masikio ambaye yuko hatarini kutoweka, hukosa mahali pa kujificha. Serikali hutumia pia chanjo ya kuzuia uzazi kwa baadhi ya majike. Mimi ninayewalea kwa chupa siufurahii msimu huo, lakini nimetembea katika hifadhi zilizoliwa hadi udongo ukabaki wazi, na siwezi kusema kwamba hoja yao ni ya uongo.

---

MzeeWaLori amejibu:

Ndugu Mlezi, hapo siwezi kukubaliana nawe moja kwa moja. Waliomwongezea kangaruu maji na malisho ni binadamu hao hao. Wafugaji walifyeka misitu ikawa nyasi, wakachimba mabwawa kwa ajili ya kondoo, wakawaua dingo, wale mbwa wa porini wa huku, waliokuwa wakiwawinda kangaruu, hata wakajenga uzio wa dingo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000. Kisha mji wa Canberra ukapanuliwa juu ya malisho, makundi yakabaki yamebanwa kati ya mitaa na barabara, na sasa tunaambiwa kwamba wamezidi. Wamezidi wapi, ikiwa kila mwaka mtaa mpya unajengwa?

---

MleziWaMajura amejibu:

Mzee wangu, historia hiyo naikubali yote. Ninachouliza mimi ni tufanye nini mwaka huu na mnyama aliyefungiwa kati ya barabara mbili, asiye na dingo wa kumpunguza wala mahali pa kuhamia, maana baridi ikija na nyasi zimekwisha atakufa kwa njaa au atagongwa na lori lako. Kuwahamisha kumependekezwa mara nyingi, lakini kangaruu akikamatwa hupata mshtuko unaoharibu misuli yake, na wengi hufa baada ya kuachiwa.

Kuhusu nembo, dada, nchi hii haioni mgongano wowote. Kangaruu yuko kwenye nembo ya taifa tangu 1908, yuko kwenye sarafu ya dola moja tangu 1984, yuko kwenye mikia ya ndege za Qantas, na bado yuko kwenye jokofu la duka na katika ngozi ya viatu vya kuchezea kandanda, ingawa Puma na Nike zilitangaza mwaka 2023 kwamba zinaiacha ngozi hiyo. Jambo litakalokugusa wewe ni kwamba msimu wa kupunguza ukianza, njia za matembezi katika hifadhi hizo hufungwa tangu jioni hadi asubuhi, kwa hiyo soma mabango ya langoni kabla ya kuingia.

---

MzeeWaLori amejibu:

Tutalimaliza hilo siku nyingine. Dada, la mwisho kutoka kwangu: ukishapangiwa zamu, omba kama inawezekana zile zinazoanza jua likiwa juu, angalau kwa majira ya baridi ya kwanza, hadi uijue barabara. Katika kipande cha Murrumbateman, kati ya Yass na Canberra, watu wengi huendesha kwa mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa na watakusukuma kwa taa nyuma yako. Wapishe wapite, kisha uendelee kwa mwendo wako. Na bima ianze siku ile ile utakayokabidhiwa gari, usisubiri siku ya kwanza ya kazi.